Miwani kwenye bima za kazini, watu wa HR tuelezeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hili suala la miwani kwenye bima za kazini, maana hapa Dar watu kibao wanachangia bima kila mwezi alafu macho yanawasumbua na kupima hawaendi, wanajua bima ni ya malaria na kujifungua basi. Watumishi wa serikali wanachangia NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya, asilimia 6 ya mshahara, nusu mfanyakazi nusu mwajiri, na huku kwenye kampuni binafsi nako bima ni sehemu ya malipo yetu, sasa kwa nini mtu asijue hela yake inanunua nini?

Juzi kati nilimsindikiza mzee mmoja wa ofisini kwetu, mhasibu, duka la miwani pale Posta. Yeye risiti anaisoma kanyoosha mkono mpaka mwisho na miwani yake ya zamani imefungwa selotepu pembeni. Kapimwa vizuri, kachagua fremu, kufika kaunta dada anamwambia baba, limiti yako ya bima inabeba fremu na lenzi za kawaida, hizi za progresivu, za kuonea mbali na karibu bila mstari katikati, na zinazobadilika rangi juani itabidi uongezee mwenyewe. Mzee akaivua ile fremu akairudisha kwenye shelfu taratibu, akasema nitakuja mwisho wa mwezi. Iliniuma sana, kwa sababu lenzi za baifoko, zile zenye sehemu mbili, juu ya mbali na chini ya karibu, zilikuwepo palepale, bei ya chini, limiti yake ingezilipia zote, ila hakujua kama anaruhusiwa hata kuuliza na hakuna mtu aliyemwambia.

Wenzangu, bima nyingi za kampuni zina fungu la macho peke yake, mbali na la kulazwa na la matibabu ya kwenda na kurudi. Hilo ndo la miwani na lina kiwango chake kwa mwaka, tuseme umepewa laki mbili, ukichagua fremu ya laki na themanini ujue lenzi umebakiza elfu ishirini, hesabu ndo hiyo, kwa hiyo uliza bei ya lenzi kwanza kabla hujaipenda fremu. Fremu mpya mara nyingi wanalipia kila baada ya miaka miwili, na fungu usipolitumia mwaka ukiisha kwa kawaida limeenda, halihamii mwaka unaofuata. Miwani ya jua ya urembo usitegemee.

Kingine ambacho kinanitia wasiwasi zaidi ya miwani yenyewe, ugonjwa wa macho ni matibabu, kwa kawaida hauingii kwenye lile fungu la miwani. Presha ya macho, mtoto wa jicho, macho yaliyoharibiwa na sukari, hayo unatibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Sasa kuna mtu anaambiwa fungu la macho limeisha anakaa nyumbani na jicho linauma, na presha ya macho inakula uono kimya kimya kuanzia pembeni na kilichopotea hakirudi tena. Mtu wa kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri, tafadhali sana.

Na vijana wa kuchomelea kule mitaa ya Gerezani, Dar na kwenye magereji, miwani ya kukinga cheche ni wajibu wa mwajiri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka akupe vifaa vya kujikinga. Asikwambie katumie bima yako.

Ombi langu kwa watu wa HR ni dogo. Chukueni lile jedwali la mafao mlilopewa na kampuni ya bima, liandikeni kwa Kiswahili karatasi moja tu, fungu la miwani shilingi ngapi, fremu kila baada ya muda gani, maduka gani yanapokea kadi, kibali cha bima kinaombwa wapi, na je mke na watoto kila mmoja ana fungu lake au familia nzima inagawana moja, maana hapo ndo wengi tunakwama. Mtume kwenye grupu la WhatsApp la kazini mwaka wa bima unapoanza, msisubiri Desemba. Na walinzi, wapishi na wa zamu za usiku ambao kwenye magrupu hayo hawamo, wapeni mkononi.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam