Iache hiyo aironi namba 3

Mwanangu,

Picha ya begi lako la gofu nimeiona. Fimbo za mtumba si aibu, na bei uliyopata ni nzuri. Ila ile aironi namba 3, fimbo ya kichwa chembamba cha chuma, itoe humo, iwe ya kufukuzia paka. Miaka niliyobeba mabegi ya watu kule Limuru, niliona wanaume wazima wakiilaani fimbo hiyo kuliko mvua. Uso wake umesimama wima mno, na mpira haupai mpaka uupige kwa kasi ambayo wewe bado huna. Namba 4 ni ndugu yake tumbo moja. Kanuni inaruhusu fimbo 14, lakini hakuna anayekulazimisha uzifikishe.

Tafuta haibridi, fimbo iliyo nusu aironi, nusu wudi (ile ya kichwa kikubwa cha kupigia mbali). Kichwa chake kina kitumbo kwa nyuma na uzito umekaa chini, ndiyo maana mpira huinuka hata usipoupata katikati. Wasikudanganye kwamba ni fimbo ya wazee. Mwaka 2009 Y.E. Yang wa Korea Kusini alimshinda Tiger Woods kwenye mashindano makubwa ya PGA Championship kule Hazeltine, Marekani, na pigo lililokata ubishi katika shimo la 18, la mwisho, alilipiga kwa haibridi.

Usinunue kwa namba lakini. Hapo ndipo wengi huliwa. Namba 4 ya kampuni hii si namba 4 ya ile, uliza digrii, yaani uso wa fimbo umelala kiasi gani. Aironi zako ni za zamani, namba 6 yako haikosi kukaribia 30. Basi haibridi ya kwanza iwe ya 26 hivi. Ukiizoea, ongeza ya 22. Ile ya 19 atakayokusifia muuzaji kwamba inafika mbali, mwachie. Mpini uwe wa grafiti, mwepesi, usio mgumu.

Na usiridhike na kuijaribu kwenye zulia la mazoezi. Ukichota chini kabla ya mpira, zulia litakusitiri: fimbo itateleza na mpira utaruka tu. Nyasi za kikuyu hazina huruma hiyo. Jina lao limetoka kwetu huku, lakini hazijui undugu. Zinakamata shingo ya aironi, uso unajifunga, mpira unakimbilia kushoto. Haibridi ina unyayo mpana, hivyo hupenya kwa urahisi zaidi. Mpira ukizama hadi unaona kipara chake tu, zirudishe zote begini, chukua weji, ile fimbo fupi ya kuinulia mpira, urudi njiani kwenye nyasi fupi. Hata mimi kiburi cha kukataa hilo kilichelewa kunitoka.

Ukiipiga, usiifagie kama wudi wala usijaribu kuunyanyua mpira. Uweke mbele kidogo ya katikati ya miguu, ushuke nayo kama unavyoshuka na aironi namba 7.

Mama yako anauliza kama ni gofu iliyokufanya usipige simu Jumapili. Nimemwambia ulikuwa kazini.

Baba yako