Ami yangu, usiizime TV: barua kuhusu wale dainosa wa kompyuta

Ami yangu, asalaam aleykum, na shkamoo nyingi kutoka kwetu sote huku Mwanakwerekwe. Nakuandikia hapa hadharani na si kwa simu kwa sababu lile neno ulolisema Idi ilopita tulipokuwa tunaangalia filamu ya dainosa kwenye TV, "huo uongo wa kompyuta, zimeni," si lako peke yako, nimelisikia barazani, nimelisikia kwa walimu wenzangu skuli, na juzi kalisema mtoto wa darasa la tano mbele ya darasa zima, na mtoto neno kama lile hajalitunga yeye, kalisikia kwa wakubwa. Siku ile sikukujibu, wewe ni ami yangu na nyumba ilijaa watu, lakini limenikaa moyoni mpaka leo.

Wewe uliuliza "wamejuaje?" Ulisema nani alikuwepo akashika kamera, nani kamsikia akilia, nani kaiona rangi yake. Wallahi ami hilo ndilo swali bora lilotoka ukumbini siku ile, bora kuliko sie wote tulokaa tunashangaa tu, ila ulipomaliza kuuliza ukachukua rimoti. Swali zuri vile halijapata jibu, na watoto wanabaki wanakutazama wewe.

Ile filamu inaitwa Walking with Dinosaurs, ya BBC, ilitoka 1999, ina sehemu 6, msimuliaji ni Kenneth Branagh. Iligharimu zaidi ya pauni milioni 6, na zama zile pesa hizo kwa filamu ya wanyama zilikuwa nyingi mno. Walichofanya ni hivi: walikwenda na kamera kupiga picha za misitu na fukwe za kweli kabisa, Chile, Tasmania, New Caledonia, California, wakitafuta mahali pasipo na majani ya nyasi maana zama zile nyasi hizi tunazozijua hazijaenea, halafu wakachonga vinyago vya wanyama kwa mkono, wakaviingiza kwenye kompyuta, ndo wakaanza kuwatembeza. Pale unapoona kichwa kwa karibu kinatafuna, mara nyingi ni kichwa cha kutengenezwa, kinaendeshwa na mafundi, wala si kompyuta. Kwa hivyo kompyuta ilikuja mwisho, na kinyago hakichongwi mpaka kuwepo na mifupa.

Na hapo kwenye mifupa ndipo nnapotaka unisikilize ami, maana wewe ni mtu wa pwani. Ukikuta mkuku wa chombo umelala mchangani na mataruma mawili matatu yamebakia, tanga hakuna, mbao zishaliwa, wewe utasema hii ilikuwa jahazi, urefu wake kadiri hivi, na hakuna atakaekwambia muongo kwa vile hukuwepo ilipoundwa. Mtaalamu wa mifupa hufanya hivo hivo. Jino linamwambia alikuwa akila nini, mfupa wa paja unamwambia uzito, mahali msuli uliposhika panaacha alama, nyayo zilogeuka jiwe zinamuonesha alitembea vipi na kwa mwendo gani, na ukikata mfupa unakuta duara za mwaka hadi mwaka kwa hivyo hata umri unahesabika. Hayo hayakubuniwa.

Yalobuniwa yapo, na hapa niko upande wako. Rangi katika filamu ile karibu zote ni za kukisia, na sauti pia, koo ni nadra mno kubakia kwenye jiwe. Ila hata hilo la rangi limeanza kupata majibu, China kulipatikana mwaka 1996 dainosa mdogo mwenye manyoya, Sinosauropteryx, na ilipofika 2010 wataalamu wakaangalia manyoya yale kwa darubini kubwa wakaona chembe za rangi bado zipo ndani ya jiwe, wakasema mkia wake ulikuwa na mistari, wekundu wa kahawia na weupe. Nilipowasomea wanafunzi wangu hili darasa zima lilinyamaza, na mmoja akauliza kama na yeye anaweza kufanya kazi hiyo akiwa mkubwa, nikamwambia ndio, kwanini isiwezekane.

Manyoya pia ndo kosa kubwa la filamu ile, wale wakimbiaji wenye kucha za sikini, Utahraptor, wamewaonesha ngozi tupu kama kenge. Mwaka 2007 kwenye mfupa wa mkono wa jamaa yao Velociraptor zilionekana vinundu, vile vile vinavyoshika manyoya makubwa ya bawa la ndege. Ukimchinja kuku siku moja, kabla hujatupa miguu itazame ile ngozi yenye magamba na kucha zake, ndege wametokana na dainosa, hili siku hizi wataalamu wengi mno hawabishani nalo.

Sasa nakuja kwenye lile lilonishangaza zaidi. Ami wewe uliikataa sehemu ya kwanza, ukaikataa ya pili, dainosa wa nchi kavu wote ukasema uongo, lakini ilipofika sehemu ya tatu, ile ya bahari, ukakaa vizuri. Lilipotoka lile dude Liopleurodon majini likamnyakua yule mwengine aliesimama ufukweni, ukasema "hili sawa, bahari haina mwisho." Na lilipotupwa ufukweni na dhoruba likafa kwa uzito wake wenyewe ukatuambia nyangumi akikwama hufa vivyo hivyo, na ni kweli kabisa, sote tukakusikiliza, ilikuwa raha. Lakini ami, katika filamu nzima hakuna kilotiwa chumvi kuliko yule! Wamesema mita 25 na tani 150, yaani uzito wa nyangumi wa buluu. Wataalamu wengi humpa mita 6 hadi 8 tu, hata wakati ule wengi walipiga kelele, kwa sababu urefu ule ulikisiwa kutokana na vipande vya mifupa ambavyo wala hakuna uhakika kuwa ni vyake. Mnyama mkali kweli, lakini si yule. Na ukimsikiliza msimuliaji hana wasiwasi hata kidogo, anataja mita 25 kwa sauti ile ile anayotajia vitu vyenye ushahidi wa kutosha.

Hilo ndilo nnalowalaumu. Kompyuta siilaumu. Lawama yangu ni sauti moja kwa kila kitu, jambo lenye ushahidi na jambo la kubahatisha vinakuja pamoja, mtazamaji hana pa kuvitenganishia, akishagundua kimoja ni cha kukisia anavitupa vyote. Wewe ulivitupa vyote isipokuwa kile ambacho hakikustahili kubakia, na sikulaumu wewe, nalaumu waloisimulia.

Na vyengine vya kweli vinapita watu hawajui kama ni vya kweli. Unakumbuka ile ya Ophthalmosaurus, wale wenye sura ya pomboo, wanazaa majini? Mama alikuwa ana kisu na muhogo mkononi anamenya, akaacha. Mtoto anatoka kwa mkia kwanza, mama akasema "yarabi, huyu katanguliza mkia," akaweka kisu chini mpaka kipande kile kilipokwisha. Ukadai na hilo wametunga. Hapana ami, kule Ujerumani yamechimbwa mawe ya jamaa zao yenye mama na watoto tumboni, na wengine wamekufa mtoto yuko njiani anatoka, anaonekana wazi kabisa mkia mbele. Mama alikuwa anaangalia kitu kilotokea kweli na hakuna aliemwambia. Hili linaniuma hasa, maana yeye ndie aliezalisha nusu ya mtaa wetu, angeambiwa angelishika maisha.

Ilipotoka ile nyengine mwaka 2022, Prehistoric Planet, inayosimuliwa na David Attenborough, manyoya yaliwekwa, na pembeni yake wakatoa vipande vifupi vya kueleza tumejuaje hiki, tumejuaje kile. Mie hivo vipande ndo nlivovipenda kuliko filamu yenyewe. Watoto pia, usidhani watachoka, mtoto ukimuonesha mfupa kisha ukamuonesha mnyama wake anataka kuona mwengine tena na mwengine tena. Ingekuwa uamuzi wangu vingekaa mle mle ndani ya filamu, si pembeni, mana walio wengi pembeni hawafiki.

Halafu ami kuna la Lindi. Ulisema "mambo ya Wazungu hayo," nami ndipo nlipotaka kusimama. Ile sehemu ya pili, ya miaka milioni 152 ilopita, wameiweka Colorado Marekani, na mle anapita Brachiosaurus, yule mwenye shingo ndefu ilosimama. Mifupa ya mwanzo ya Brachiosaurus ilichimbwa Marekani kweli, lakini ilikuwa pungufu mno, kwa hivyo kwa miaka na miaka dunia nzima ilimchora mnyama huyo kwa kuangalia mifupa ya Tendaguru, Lindi, hapo ng'ambo yetu. Wataalamu siku hizi wanamuita wa Lindi Giraffatitan, wamemtenganisha na wa Marekani, lakini sura iloenea kwenye vitabu na filamu ilitoka kwetu. Kasimama Berlin, urefu wa kwenda juu zaidi ya mita 13, watu wanalipa tiketi kumuona.

Na waliomtoa ardhini ni nani? Kwenye vitabu wanaandikwa Werner Janensch na Edwin Hennig, Wajerumani, na walikuwepo kweli, 1909 mpaka 1913. Lakini walochimba ni mamia ya watu wa huko huko, na fundi wao mkubwa alikuwa Boheti bin Amrani, yeye ndie alokuwa akiwaongoza wenziwe, na mfupa ulooza unaotaka kuvunjika mkononi alijua kuutoa ukiwa mzima. Soma jina hilo ami, Boheti bin Amrani, lingeweza kuwa jina la mtu wa kwenu Wete, Pemba. Zaidi ya tani 200 zilibebwa vichwani na mabegani kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa kila mzigo, zikapakiwa melini. Bungeni limeulizwa zaidi ya mara moja, yule mjusi wa Tendaguru atarudi lini au tutapata nini, mie sina jibu la serikali, jibu langu ni dogo tu, kwamba mtoto wa Zanzibar akitazama shingo ile kwenye TV awepo mtu karibu wa kumwambia mfupa huu umetoka wapi na nani kaubeba. Akiambiwa ni uongo wa Wazungu, basi Boheti nae kafanywa uongo.

Visiwani kwetu usitarajie kuokota mfupa wa dainosa ukichimba kisima, jiwe letu hili la matumbawe ni la juzi tu ukilinganisha. Tendaguru yenyewe lakini ilikuwa pwani, tabaka za mifupa zimepishana na tabaka za makombe ya baharini. Na kule Ruhuhu, upande wa ziwa Nyasa, kulitoka mifupa ya mnyama aliepewa jina la Nyasasaurus mwaka 2013, ana karibu miaka milioni 243, huenda ndie dainosa wa zamani kuliko wote walojulikana, au ndugu yao wa karibu sana. Mifupa yake ilichimbwa miaka ya 1930 ikakaa makabatini Uingereza na Afrika Kusini muda wote huo.

Mambo ya imani sitayagusa, unayajua kuliko mie, Mwenyezi Mungu ameumba tunavyovijua na tusivyovijua, na hawa wamo katika tulokuwa hatuvijui mpaka majuzi.

Flashi nimempa mdogo wangu, atakuja nayo na boti ya wiki hii, sehemu zote 6 zimo, na nimeongeza picha za Tendaguru, wapo wachukuzi wamesimama na mifupa yao. Waachie watoto wa Wete waimalize. Wakikuuliza wamejuaje, la mifupa waambie, la rangi waambie hapo wamekisia, na yule wa baharini waambie punguza mara tatu.

Nami nna swali langu kwako, kwa vile umevua mkondo wa Pemba umri wote. Kuna samaki ambae wataalamu walidhani alitoweka pamoja na dainosa, miaka milioni 66 ilopita, halafu mwaka 1938 akavuliwa Afrika Kusini, na tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimpata kwenye majarife wanayotega maji marefu. Mkubwa, anaweza kufika urefu wa mtu, magamba magumu, rangi ya buluu iloiva yenye madoa meupe, na mapezi yake yana nyama ndani kama vijiguu. Akifa anageuka hudhurungi. Wanamuita silikanti. Umewahi kumuona, au kumsikia kwa wazee wako wa Pemba, na mlikuwa mkimuitaje?