Watu Wafupi wa Callot

Rafiki yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, nikitumaini kwamba wewe na watu wa nyumbani mu wazima. Barua yako nimeisoma kwa utulivu, kwa sababu swali ulilouliza ndani yake limenigusa sana. Unataka kujua kama ni haki kufurahia zile chapa ndogo (picha zinazochapwa kutoka bamba la shaba lililochorwa) za msanii Jacques Callot zinazowaonyesha watu wafupi wenye vibiongo, matumbo makubwa na miguu iliyopinda, au kama kuzifurahia ni kuwacheka walemavu. Mimi nasema ni haki, lakini sisemi hivyo kwa wepesi.

Callot alizaliwa Nancy, katika nchi ya Lorraine ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa, mwaka 1592, na ujana wake wa kazi aliupitisha Florence, Italia, akimtumikia mtawala wa huko, Cosimo II de' Medici. Mfululizo unaouulizia, Varie Figure Gobbi, yaani watu mbalimbali wenye vibiongo, una chapa 21 pamoja na ile ya jalada, kila moja ikiwa na upana wa sentimita chache tu. Jalada linataja Florence na mwaka 1616, ingawa chapa zenyewe zilitolewa Nancy, baada ya Cosimo kufariki mwaka 1621 na msanii kurejea kwao. Ukumbuke kwamba watawala wa ukoo wa Medici walikuwa na desturi ya zamani ya kuwaweka watu wafupi katika nyumba zao ili wawachekeshe wageni. Aliyejulikana kuliko wote ni Morgante, aliyemtumikia Cosimo I, mtawala wa awali wa ukoo huo. Mchoraji Bronzino alimchora akiwa uchi, na mchongaji Valerio Cioli akamchonga, uchi vilevile, akiwa amepanda kobe, sanamu ambayo wageni wa bustani ya Boboli mjini Florence huipiga picha hadi leo. Kwa maoni yangu sanamu hiyo ni ya kikatili, kwa kuwa haimpi Morgante jambo lolote la kufanya ila kutazamwa.

Watu wa Callot wana shughuli. Mmoja anapiga fidla, mwingine gitaa, mwingine anakunywa, mwingine anataka kuchomoa upanga wake. Ninayempenda zaidi ni yule aliyeshika wavu wa kuchomea nyama na kuukwangua kana kwamba ni fidla. Mwili wake wote umeingia katika muziki huo usio na sauti, na ukimtazama kwa muda utaona kwamba kinachochekesha ni bidii yake kubwa kwa chombo kisichoweza kuimba, wala si nundu yake. Kicheko cha namna hiyo humpata hata mtu aliyenyooka kama mnazi.

Usidhani kwamba haya yalitokea kwa bahati. Wachapaji wengi wa wakati ule walilipaka bamba la shaba nta laini kabla ya kulichora kwa sindano na kulitia katika asidi ili ile mistari iliyochorwa, na nta hiyo ilikuwa rahisi kubanduka, asidi ikapenya mahali isipotakiwa. Callot alichagua vanishi ngumu waliyoitumia mafundi wa kutengeneza vinanda vya nyuzi, ambayo ikikauka hushika shaba barabara, hivyo aliweza kuliacha bamba ndani ya asidi tena na tena bila hofu. Pia alichora kwa kalamu ya chuma iliyokatwa mshazari nchani: akiizungusha kidogo vidoleni, mstari unaanza mwembamba, unanenepa, kisha unakonda tena. Mchapaji Mfaransa Abraham Bosse alizieleza mbinu hizi katika kitabu chake cha mwaka 1645, na vizazi vya wachapaji vilijifunza humo. Tazama tumbo la mnywaji yeyote katika mfululizo huo: uzito wake wote umebebwa na mstari mmoja unaonenepa panapostahili. Mkono unaomchekea mtu kwa dharau hauna subira ya kumchora hivyo.

Walioiga baadaye hawakuwa na subira hiyo. Zile sanamu za mawe katika bustani ya Mirabell mjini Salzburg, Austria, za mwishoni mwa karne ya 17, zimechukua maumbo ya Callot, lakini kwangu zimebaki maumbo tu.

Ushahidi wangu mkubwa, hata hivyo, ni kazi zake nyingine. Katika miaka ileile ya kurudi Nancy alichora chapa 25 za ombaomba, vipofu na vilema waliovaa matambara, ambao wamesimama peke yao bila mzaha wowote. Kisha mwaka 1633, mwaka ambao jeshi la Louis XIII, mfalme wa Ufaransa, liliuteka mji wake, alitoa chapa 18 za maafa ya vita. Mojawapo inaonyesha hospitali, na mbele yake askari waliokatika viungo wakijikokota kwa magongo. Miongoni mwa wale watu wafupi wa awali naye yupo mwenye gongo na mguu wa mti. Ziweke chapa hizo mbili mezani, uchunguze jinsi uzito wa mwili unavyolilalia gongo katika kila moja, halafu uniandikie kama umeona tofauti yoyote katika uangalifu wa mchoraji. Mimi sijaiona.

Wako katika urafiki,
Rafiki yako wa siku zote