Sudi, kabla hujamkasirikia tena mwanao

Tanga, Jumapili usiku

Ndugu yangu Sudi,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, mama anakusalimu, Mbwana kafungua tena kile kibanda chake cha mpira, na mvua zimetuchosha. Salamu ziishie hapo, maana tangu uliponipigia juzi sijalala vizuri. Eti umemwambia mwanao akivaa jezi ya Ufaransa asikanyage kwako? Sudi! Mtoto ana miaka 16, na kosa lake ni kusema angependa kuitwa na timu ya Ufaransa, huko alikozaliwa.

Ngoja nikupe habari za mtu mmoja, kisha ukasirike ukitaka.

Anaitwa Raoul Diagne. Alizaliwa mwaka 1910 huko Guyana ya Ufaransa. Baba yake, Blaise Diagne, mtu wa kisiwa cha Gorée, alikuwa ofisa wa forodha huko. Mwaka 1914 huyo baba alichaguliwa kuingia bunge la Paris kuiwakilisha Senegal, Mwafrika mweusi wa kwanza mle ndani. Mtoto akakulia Ufaransa, akarefuka miguu, akaingia Racing Club ya Paris. Tarehe 15 Februari 1931, uwanja wa Colombes, kando ya Paris, akavalishwa jezi ya Ufaransa dhidi ya Czechoslovakia. Walifungwa 2-1. Mchezaji mweusi wa kwanza kabisa kwenye timu ile! Mwaka 1931 babu zetu walikuwa wanakata mkonge wa Wazungu, halafu pale kwa Mbwana watu wananibishia kwamba weusi Ufaransa wameanza na kina Desailly wa 1998. Chaurembo ndiye kinara wao. Unamjua, hakubali kitu.

Alicheza mechi 18 mpaka 1940, na mwaka 1936 Racing wakabeba ligi na kombe msimu mmoja. Hayo napita. Mimi nimeganda kwenye tarehe 12 Juni 1938, robo fainali ya Kombe la Dunia, Colombes hiyohiyo. Italia wanatoka wamevaa nyeusi tupu, rangi ya mafashisti wa Mussolini. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu jeshi la Mussolini liingie Addis Ababa. Na pale kwenye kiungo wanamkuta nani? Mtoto wa Msenegali. Ufaransa walilala 3-1, lakini mimi kila nikimfikiria amesimama pale mwili unanisisimka.

Najua utaniambia enzi hizo Senegal haikuwa nchi huru, kwa hiyo hakuwa na la kuchagua. Kweli. Basi sikia alichofanya ilipokuwa huru. Mwaka 1963, kwenye Michezo ya Urafiki pale Dakar, Senegal ikaifunga timu ya wachezaji wa ridhaa ya Ufaransa, na Diagne alikuwa kwenye benchi la ufundi la Senegal. Mtu aliyeivaa jezi yao mara 18! Sijui usiku ule alilala vipi. Hakuna aliyemwambia asikanyage Dakar.

Sasa unakumbuka ile Ijumaa, Mei 31, 2002? Tumetoka msikitini, hatujala, tukakimbilia kibandani kwa sababu mpira wa Senegal na Ufaransa, wa kufungua Kombe la Dunia, ulikuwa unaanza saa nane unusu. Papa Bouba Diop wa Senegal alipofunga akavua jezi, akaitandika pale kwenye bendera ya kona, wakaizunguka wakicheza. Wewe ulinibeba mgongoni mpaka barabarani, kandambili moja ikapotea. Siku ile mzee Diagne alikuwa hai, ana miaka 91. Na upande wa Ufaransa alikuwepo Vieira, mzaliwa wa Dakar. Mbona hatukumtukana Vieira? Wewe mwenyewe ulikuwa unamsifu, ukasema yule ni wetu.

Diagne alifariki Novemba mwaka uleule, hapohapo Créteil, kando ya Paris, unakokaa. Nilipojua hilo nikasema lazima nikuandikie, simu haitoshi. Kwenye simu unanikata.

Siombi umpe kijana ruhusa. Kesho akiivaa ya Taifa Stars mimi ndiye nitakayelia wa kwanza, unanijua. Ila ule mlango, Sudi, usiufunge. Kazaliwa huko, shule huko, na Kiswahili anakiongea vizuri kuliko watoto wa dada yangu walioko Dar.

Halafu nina ombi. Siku ukiwa huna kazi, mchukue muende wote Colombes. Uwanja bado upo. Nipigie picha, nataka nimwonyeshe Chaurembo. Ni mbali kutoka kwako? Na shemeji anasemaje juu ya haya yote? Kijana anakula mezani nanyi au bado anajifungia chumbani? Anacheza bado kulia, au kocha kamrudisha katikati? Na zile njumu nilizomletea, zinamtosha au miguu imeshazipita?

Mkiwa uwanjani nipigieni, hata kama huku ni usiku.

Nduguyo,
Hamza