Dagaa wa paka nao wapikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyetushauri katika ukurasa huu kwamba paka akilishwa dagaa wabichi tu, anakuwa mkali wa panya. Hapa mtaani kwetu Nyakato ushauri huo umeshapata wafuasi, na mimi niliyekula mshahara wa mifugo hadi kustaafu siwezi kuunyamazia.

Baadhi ya samaki, hasa wa ukoo wa karpu ambao dagaa wetu wa Ziwa Victoria ni ndugu zake, wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Jambo hili halikugunduliwa kwa paka. Mwaka 1932, huko Minnesota, Marekani, mfugaji wa mbweha aitwaye Chastek aliwalisha mbweha wake karpu wabichi. Wakapooza na kufa, na ugonjwa ukabaki na jina lake.

Paka aliyeishiwa B1 hususa chakula kwanza. Kisha anayumba, shingo inainama mpaka kidevu kinagusa kifua, mboni za macho zinatanuka, na mwishowe anashikwa na degedege. Hapo majirani wataapa kwamba amekula sumu ya panya, na hakosekani wa kusema katupiwa kitu. Akiwahiwa, sindano za vitamini humwinua haraka. Ila nasihi jambo moja: paka anayeyumba huku akitoka mate anaweza pia kuwa na kichaa cha mbwa. Msimpanue mdomo kwa mikono. Mfungieni chumbani, mwiteni daktari wa mifugo.

Najua nitaulizwa, mbona paka wa mwaloni Kirumba wanashinda na samaki wabichi na wamenona? Wale wanakula kila kitu: panya, mijusi, ndege, utumbo wa sangara, na makombo ya mama ntilie. Na wanaokufa nani anawahesabu? Paka wa kufungiwa ndani anakula kile tu unachomwekea. Ukimwekea dagaa wabichi asubuhi na jioni, mwezi hadi mwezi, hana pa kujiokoa.

Dawa ni sufuria. Moto wa kuchemsha unakiharibu kile kimeng'enya. Kuanika juani si kupika, kwa hiyo hata dagaa wakavu wachemsheni, baada ya kuwaosha vizuri, maana wa kwetu huanikwa mchangani na kila mpishi wa Mwanza anaijua adha yake. Wale wa Zanzibar huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Walowekeni, mmwage maji hayo, ndipo mchemshe upya. Kwenye sufuria ya paka msitie chumvi wala kitunguu, kiwe maji au swaumu. Vitunguu huharibu damu ya paka, na hili watu wengi hawalijui, wanammiminia mchuzi wa mezani kwa mapenzi kabisa.

Mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishaondolewa, nayo yana kesi yake. Nyama iliyoshikilia mifupa ya sangara ni nzuri, ichambueni mkampa, lakini msimtupie mfupa mzima. Ukishapikwa unakatika vipande vyenye ncha, vikakwama kooni au kutoboa utumbo.

Hata wakipikwa, dagaa wawe sehemu tu ya mlo. Ugali uliolowekwa mchuzi wa dagaa humjaza paka tumbo bila kumjenga, kwani mwili wake unategemea nyama. Anahitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama, ambayo akiikosa moyo na macho vinadhoofika, na kwa kuwa huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia, supu msiimwage, mpeni anywe. Taurini imejaa kwenye moyo wa kuku au wa ng'ombe. Mwenye kipato kidogo azungumze na mchinja kuku wa sokoni kwake amwekee mioyo na vipande visivyo na mnunuzi, avichemshe pamoja na dagaa hao hao.

Afisa mifugo mstaafu,
Nyakato, Mwanza