Pikipiki ya michezo iliyozeeka si TVS

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua kwa ajili ya vijana wa Goma wanaonunua pikipiki ndogo ya michezo ya miaka mingi, tena ikiwa ndiyo pikipiki yao ya kwanza. Mfano wetu utakuwa Kawasaki Ninja 250 ya kati ya 1988 na 2007, maana ilitengenezwa karibu miaka 20 bila kubadilika sana. Mengi tutakayosema yanazihusu pia pikipiki nyingine ndogo za aina hiyo zenye kabureta.

Kosa tunaloliona ni moja na linarudiwa kila mara. Mwenye pikipiki anaipeleka kwa fundi aliyezoea pikipiki za kawaida za TVS na Boxer, naye fundi anaishughulikia kama TVS. Ile ina silinda moja, inapozwa na upepo, inavumilia mengi. Hii ina silinda mbili, kabureta mbili, radiata, valvu nane, na moteri yake inaruhusiwa kuzunguka hadi mara 14,000 kwa dakika. Ni moteri imara sana. Isichovumilia ni uchafu, kuachwa imesimama miezi, na fundi anayekisia vipimo.

Ugonjwa wa kwanza wa karibu zote ni wa esansi. Ndani ya kila kabureta mna jeti ndogo ya ralanti (moteri ikizunguka polepole bila kuvutwa gesi) ambayo tundu lake halifiki hata nusu milimita. Pikipiki ikisimama wiki kadhaa, esansi iliyobaki kwenye bakuli la kabureta inakauka na kuacha gundi ya kahawia, na tundu hilo ndilo linaloziba kwanza. Dalili zake hazifichiki: inawaka kwa choki tu, ukirudisha choki inazimika, ukiivuta gesi sana inakwenda vizuri, lakini ukifika mzunguko wa barabara wa Chukudu na kupunguza mwendo, kimya. Fundi asiyeijua atakaza skrubu ya ralanti ili moteri ipige juu, na mteja ataondoka ameridhika. Jeti bado imeziba, moteri inachoma mchanganyiko wa esansi kidogo na hewa nyingi, inapata joto kuliko inavyotakiwa.

Dawa ni kuzishusha kabureta zote mbili zikiwa zimeungana kwenye kipande chake cha chuma. Usizitenganishe bila sababu. Fungua mabakuli, toa jeti kwa bisibisi inayoenea vizuri (jeti ni shaba laini, mdomo wake ukiharibika haitoki tena), kisha iinue kwenye mwanga. Usipoona duara safi la mwanga, loweka, pitisha uzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya wa umeme, halafu puliza. Sindano ya chuma ni marufuku, kwa sababu inapanua tundu, na tundu lililopanuka halirudi. Kabla ya kupuliza hewa ya kompresa popote, toa ile ngozi ya mpira iliyo chini ya kifuniko cha juu, maana hewa hiyo inaipasua. Itazame kwenye mwanga pia. Kitundu kidogo tu kinatosha kufanya silinda moja ikose nguvu, na mtu akatafuta kosa kwenye umeme siku nzima.

Skrubu ya mchanganyiko, ambayo kwenye baadhi ya pikipiki imefichwa nyuma ya kizibo kidogo cha chuma laini, ikaze taratibu mpaka iguse tu, kisha ilegeze mizunguko 2 hadi 2.5. Hapo ni pa kuanzia. Goma tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina kama asilimia 85 ya mgandamizo wa pwani. Hewa ikiwa pungufu, esansi inazidi, na bujii (plagi za cheche) zinatoka nyeusi zenye masizi makavu. Kwa kabureta hizi, kuikaza skrubu kunapunguza esansi: ikaze robo mzunguko, endesha siku mbili, tazama bujii tena. Ralanti iwe karibu mizunguko 1,300 kwa dakika moteri ikishapata moto. Bujii zenyewe ni CR8HSA, mbili, zenye upenyo wa cheche wa milimita 0.6 hadi 0.7. Bujii ya TVS inayoonekana kufanana nayo isiingizwe kwa kujaribu; urefu wa sehemu yake ya kukazia ukizidi inaweza kugonga pistoni.

Wengi wetu tunanunua esansi kwa makadafi wa barabarani, na hatuwalaumu, wanatafuta maisha. Lakini bidoni inaoshwa kwa maji, inanyeshewa, inabadilishwa kazi. Mimina esansi kwanza kwenye chupa ya kioo iliyo safi, iache dakika kumi. Maji yanashuka chini na mstari unaonekana kwa macho. Weka filta ndogo ya esansi kati ya tangi na kabureta, mshale wake ukielekea kabureta, iwe ya kupitisha esansi kwa urahisi kwa kuwa hapa hakuna pampu, esansi inateremka yenyewe. Pikipiki ikikaa zaidi ya wiki tatu, legeza skrubu za kumwagia zilizo chini ya mabakuli uyakaushe. Tangi lijaze, usiliache nusu, kwa sababu nafasi tupu ndiyo inayoleta unyevu na kutu.

Kuna jambo la hatari ambalo wanunuzi wapya hawaambiwi. Bomba la esansi la pikipiki hii halina alama ya kufunga. Lina ON, RES (akiba) na PRI, na linafunguliwa na mvuto wa hewa wa moteri yenyewe. PRI inapitisha esansi muda wote, hata moteri ikiwa imezimwa. Ukiisahau hapo, au kingozi cha ndani kikipasuka, esansi inaweza kupita kwenye kabureta, kuingia silinda na kuteremka kwenye mafuta ya moteri. Kwa hiyo kila asubuhi tazama kidirisha cha kioo upande wa kulia wa moteri, pikipiki ikiwa imesimama wima. Mafuta yakiwa yameongezeka wakati hukuongeza kitu, na yananuka esansi, usiiwashe hata kidogo. Mwaga yote, tengeneza bomba, weka mafuta mapya.

Mafuta hayo yawe 10W-40 yaliyoandikwa JASO MA. Mafuta ya gari yenye dawa ya kupunguza msuguano yanaharibu embreyaji (klachi), maana kwenye pikipiki sahani zake zinaogelea katika mafuta yaleyale ya moteri. Utajua kwa dalili hii: unavuta gesi, mlio unapanda, mwendo haupandi.

Sasa vumbi letu. Barabara nyingi za mtaani zimelala juu ya lava, na lava iliyosagwa na magurudumu ni unga mkali unaokwangua chuma. Filta ya hewa ya Ninja hii ni sifongo. Yule aliyeandika kitabu cha kiwanda hakuwaza mtaa wetu wa Ndosho wakati wa jua kali. Kwetu ifungue kila kilometa 1,000. Ioshe kwa mafuta ya taa, kisha maji na sabuni, ikamue bila kuisokota, ikauke kabisa, ipake mafuta kidogo ya moteri na uikamue tena. Usiioshe kwa esansi, maana inayeyusha gundi yake. Ikiwa imechanika, itupe. Kuendesha bila filta kwa kudhani moteri itapata nguvu ni kuzisaga ringi za pistoni, na moshi wa buluu utafuata.

Valvu ndizo zinazoachwa na kila mtu. Pimeni nafasi yake kila kilometa 10,000 hivi, na mara tu mnapoinunua, kwa sababu muuzaji hajui zilipimwa lini. Moteri iwe imelala usiku kucha, baridi kabisa. Za kuingiza ni milimita 0.08 hadi 0.12, za kutolea moshi 0.11 hadi 0.15, na hurekebishwa kwa skrubu na nati yake. Watu wanangoja kelele. Valvu iliyolegea kweli inapiga kelele, ila iliyobana inanyamaza, na hiyo ndiyo mbaya: haifungi vizuri, moto unapita pembeni mwake, inaungua. Moteri inayokuwa ngumu kuwaka asubuhi huku kabureta ni safi, ishuku valvu.

Kuhusu radiata, maji matupu hapa kwetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, kwa sababu ya urefu uleule tuliousema. Kinachoyazuia ni mgandamizo unaoshikwa na kifuniko cha radiata, kwa hiyo mpira wa kifuniko ukiwa umekauka, kibadilishe kabla ya kulaumu feni. Weka dawa ya radiata nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Maji ya ziwa yanaacha chokaa ndani ya vijia vyembamba. Na kifuniko kisifunguliwe moteri ikiwa ya moto, kinaunguza uso.

Pine zake ni 100/80-16 mbele na 130/80-16 nyuma, upepo baa 2.0 na 2.25 zikiwa baridi. Pine ya inchi 17 haiingii kwenye rimu hizo. Ubavuni soma tarakimu nne za mwisho za mstari wa DOT, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pine ngumu ya miaka kumi yenye meno mazuri inateleza kwenye mvua kuliko mpya. Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa, ichezeshwe milimita 35 hadi 40 katikati. Mafuta ya freni ni DOT 4, yabadilishwe kila miaka miwili hata kama hayajapungua, maana yanavuta unyevu, na kwenye mteremko mrefu unyevu huo unachemka na mkono wa freni unazama bila kushika. Betri ipimwe kwa testa: moteri ikizunguka mara 4,000 isome volti 14 na kitu. Ikisoma chini ya 13, kubadilisha betri hakutasaidia, chaji haifiki.

Tuna ombi kwa wenye maduka ya vipuri wa Birere. Stika na taa za rangi zimejaa kwenye meza zenu. Tuleteeni bujii za CR8HSA, pedi za freni, mipira ya kabureta na pine za inchi 16. Wateja wapo, na kwa sasa wanafunga pine za ukubwa mwingine kwa lazima.

Mafundi wa pikipiki,
Majengo, Goma