Mashine za vinywaji stesheni ya Kigoma

Mhariri,

Wanaotaka stesheni ya Kigoma iwekwe mashine za kuuzia vinywaji kama za Japani waanze na pesa, si friji. Kule mashine hupokea sarafu za yeni 10, 50, 100 na 500, na noti ya 1,000; sarafu za yeni 1 na 5 huzikataa. Noti zetu zilizochakaa zitakwama, hivyo malipo ya simu ni lazima.

Uzuri wake hasa ni huu: kabati moja, utepe wa buluu ukionyesha chai baridi, mwekundu kahawa ya moto. Joto linaloondolewa upande wa baridi hupasha upande wa pili! Umeme ukikatika, mjazaji asifungue mlango, baridi isitoroke.

Mafundi friji,
Mwanga, Kigoma